Maswali ya wasomaji: Mgodi ukifungwa, mji unabaki na nini?

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu madini na viwanda vya mikoani. Tumechagua barua tatu, kutoka Kahama, Lubumbashi na Mtwara. Waandishi wake hawajuani, lakini kila mmoja ameuliza jambo ambalo mwenzake ana sehemu ya jibu lake.

Mheshimiwa mhariri, shikamoo. Ninakoboa na kuuza mchele mjini Kahama, na zamani nilikuwa mkulima wa mboga. Mara mbili nilijaribu kuuza mboga zangu kwa mzabuni wa chakula wa mgodi mmoja wa kanda hii, na mara zote mbili nikaambiwa kwamba mzigo haukidhi vipimo, pasipo kuonyeshwa vipimo vyenyewe. Mgodi wa Buzwagi, ulio jirani na mji wetu, ulifungwa mwaka 2021, na sasa tunaelezwa kwamba eneo lake limekuwa la viwanda na kwamba kitajengwa humo kiwanda cha kusafisha madini. Nauliza: kwa nini dhahabu ya miaka zaidi ya kumi haikutuachia viwanda, na je, hicho cha kusafisha madini ndicho kitakachotutoa? — Msomaji, Kahama

Marahaba, ndugu yangu. Nitaanza na mboga zako, kwa maana zinalikaribia jibu kuliko dhahabu yenyewe.

Dhahabu ni mali nzito kwa thamani na nyepesi kwa usafirishaji. Ikishatoka mtamboni ikiwa matofali ya dhahabu ghafi, sehemu yake kubwa tayari ni dhahabu tupu; kilichobaki ni fedha, shaba na uchafu kidogo. Matofali hayo hupanda ndege ndogo kwenye kiwanja cha mgodi na kuondoka, na kazi ya kuyasafisha mpaka yafikie kiwango cha soko la dunia huongeza thamani ndogo sana juu ya ile iliyokwisha kuwamo. Ndiyo maana mtambo wa kusafishia dhahabu uliozinduliwa Mwanza mwezi Juni 2021, ingawa ninauunga mkono kwa sababu unaliwezesha taifa kujua kwa uhakika kinachotoka na kuiuzia Benki Kuu dhahabu iliyo tayari kuwekwa akiba, hauwezi peke yake kuajiri vijana wa kanda nzima. Tuliyemtarajia awe mlango wa viwanda ni mlinzi wa hesabu, na kazi hiyo aifanye vizuri.

Kwa upande wa pili, mgodi ni mlaji mkubwa ajabu. Mwamba husagwa usiku na mchana kwa mipira ya chuma inayolika na kuhitaji kubadilishwa. Maji ya sayanidi yanayoyeyusha dhahabu lazima yatiwe chokaa kila siku, kwani yakipungukiwa na chokaa hutoa hewa ya sumu. Hivyo malori ya chokaa hayakatiki getini. Ongeza nondo za kushikilia paa la mashimo ya chini kwa chini, baruti, mabomba ya plastiki, nguo za kazi, viatu, matengenezo ya mitambo, na sahani za chakula za watu wanaokula zamu kwa zamu. Chokaa ni jiwe lililochomwa. Nguo za kazi ni pamba, na mkoa wako umezungukwa na pamba. Mboga ni mboga. Mahitaji haya, yaliyokuwa yakipita mbele ya macho yetu kila siku, ndiyo yangezaa viwanda, na kwa muda mrefu mengi yaliagizwa kutoka nje.

Sababu ya kwanza ilikuwa sheria. Mfumo uliojengwa juu ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 uliwavuta wawekezaji kwa misamaha ya ushuru wa forodha juu ya mitambo na vifaa. Migodi ilikuja kweli: Golden Pride ya Nzega mwishoni mwa miaka ya 1990, Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, kisha North Mara, na Buzwagi yenyewe mwaka 2009. Lakini lifikirie jambo hilo kwa upande wa fundi wa Mwanza aliyetaka kutengeneza mipira ya chuma. Malighafi zake zilitozwa kodi, umeme wake ulikatika, na mshindani wake wa ng'ambo aliingiza bidhaa iliyokwisha tengenezwa bila ushuru au kwa ushuru mdogo. Hakuhitaji uvivu ili ashindwe.

Sababu ya pili ni kwamba migodi ilijengwa kama visiwa. Tabia hiyo ni ya zamani. Mwadui, iliyoanza baada ya John Williamson kugundua almasi mwaka 1940, ilikuwa mji mzima ndani ya uzio, wenye hospitali yake, shule zake na kiwanja chake cha ndege. Mgodi wa Geita nao uliendeshwa kwa miaka mingi kwa jenereta zake wenyewe. Mgodi unaojizalishia umeme na kujijengea barabara ya ndani haumwachii jirani nguzo wala bomba.

Sababu ya tatu umeitaja mwenyewe: vipimo. Kanuni za mwaka 2018 kuhusu ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini zinaitaka kampuni iwape kipaumbele watoa huduma na bidhaa za ndani na iwasilishe mpango wake Tume ya Madini. Ni hatua kubwa. Hata hivyo kanuni humfungulia mlango yule aliye tayari kuingia, na mkulima anayeuza kwa gunia leo hawezi kesho kutimiza zabuni inayotaka uzito uleule, ubora uleule na ankara iliyoandikwa sawasawa kwa wiki hamsini na mbili, huku akisubiri malipo kwa miezi. Wewe na wenzako mkijiunga katika ushirika mkawa na ghala moja la kupozea na karani mmoja anayejua zabuni, mtakuwa mmeziba nusu ya pengo. Nusu nyingine ni ya mgodi, unaopaswa kuyabandika mahitaji yake ya mwaka hadharani kwenye ofisi za kata, na ni ya benki, zinazopaswa kukubali mkataba wa zabuni kuwa dhamana. Na aliyekunyima vipimo alikunyima haki yako. Usiogope kuvidai kwa maandishi.

Sasa nije kwenye kiwanda cha kusafisha madini. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia, yaani mchanga wenye madini yaliyokolezwa mtamboni, kusafirishwa nje ya nchi, na mwezi Julai mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria za kusimamia utajiri wa asili wa taifa. Wananchi wengi walidhani kwamba tanuru la kuyeyushia lingefuata mara moja. Halikufuata, na hilo lina hesabu yake: makinikia ya Bulyanhulu na Buzwagi yalikuwa makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka, ilhali tanuru la kisasa la shaba huhitaji mamia ya maelfu ya tani ili lijilipe. Kilichopatikana kilikuwa kitu kingine, nacho hakikuwa kidogo: kampuni ya Twiga, ya ubia kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, ambamo Serikali ina asilimia 16 ya hisa, na malipo ya dola milioni 300 kumaliza mgogoro wa makinikia.

Kiwanda mnachoahidiwa sasa ni cha nikeli. Mpango wake ni tofauti na wa dhahabu, na hapo ninakubaliana na matumaini yako. Mkataba wa Januari 2021 kuhusu mgodi wa Kabanga, wilayani Ngara, uliweka sharti la kusafisha madini hapa nchini, na baadaye Buzwagi ikachaguliwa kuwa mahali pa kiwanda. Makinikia ya nikeli yana sehemu kubwa ya mawe na salfa. Kuyasafirisha yalivyo ni kulipia nauli ya kitu kitakachotupwa. Tena mahali pamechaguliwa kwa busara. Mgodi uliofungwa uliacha njia ya umeme wa msongo mkubwa na kiwanja cha ndege. Maji ya Ziwa Victoria yanafika Kahama kwa bomba. Bandari kavu ya Isaka ipo karibu. Na barabara ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo inapita hapohapo. Ila usiache kukoboa mchele kwa kuusubiri mtambo huo. Kiwanda cha namna hiyo hujengwa kwa mabilioni na huajiri wataalamu wachache ukilinganisha na ukubwa wake, na bei ya nikeli duniani, iliyoshuka vibaya tangu Indonesia ilipofurika sokoni, inaweza kuchelewesha uamuzi wowote.

Wataalamu wa uchumi wanauita mmoja wa magonjwa ya nchi zenye madini kwa jina la Uholanzi, ambako gesi nyingi iligunduliwa Groningen mwaka 1959 na viwanda vingine vikadhoofika kwa sababu fedha ya gesi ilipandisha gharama zao zote. Katika wilaya, ugonjwa huo huanza na kodi ya chumba. Mashine ya kukoboa inashindwa kumlipa fundi anayelipwa maradufu mgodini, vijana wanaacha shamba la pamba kwenda kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na siku mgodi unapofunga geti, fundi hayupo na shamba limeota vichaka. Kule Botswana, mji wa Selebi-Phikwe ulikuwa na chombo maalumu cha kuupatia uchumi mbadala kabla mgodi wake wa shaba na nikeli haujafa. Hata hivyo ulipofungwa ghafla Oktoba 2016, watu zaidi ya 5,000 walipoteza ajira kwa mara moja, kwa kuwa uchumi mbadala ulikuwa bado mchanga. Kwa hiyo viwanda vya mchele, mafuta ya alizeti, pamba na ngozi vya Kahama visitazamwe kama mambo madogo ya kando. Vinapaswa kuimarishwa wakati migodi ya jirani bado inafanya kazi na fedha bado inazunguka.

Fedha hiyo inaonekana pia halmashauri. Ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo, pamoja na mpango wa mgodi wa kuwajibika kwa jamii ambao sheria inataka ukubaliwe na halmashauri kila mwaka, umejenga madarasa na zahanati, na hakuna mzazi atakayelalamika. Lakini mimi ningependa baraza la madiwani litenge sehemu isiyoguswa kwa ajili ya maeneo ya viwanda vidogo: umeme wa njia tatu, maji, mtaro, barabara inayopitika masika. Nimeona karakana za vijana wa kutengeneza makarasha, yaani mashine za kusagia mawe, ya wachimbaji wadogo zikiwa zimebanana kando ya barabara, vyuma vikichomelewa juani, na kazi yao ni nzuri kweli. Wale ndio wenye viwanda wa kesho, na wanachokosa ni paa na waya.

Jambo mhariri wetu. Mimi ni fundi umeme hapa Lubumbashi. Babu yangu alitumika katika kampuni ya madini ya Union Minière, baba yangu akatumika Gécamines iliyoirithi, tukala posho yao na kusoma katika masomo yao. Leo kampuni ni nyingi na mukuba (shaba) unatoka kwa wingi kuliko zamani, lakini waya ninazofunga katika nyumba za watu zinatoka ng'ambo. Je, sisi hatuwezi kutengeneza waya? — Fundi, Lubumbashi

Ndugu fundi, mlikwisha kutengeneza. Kabla Mzungu hajafika, wafua shaba wa Wayeke pale Bunkeya walikuwa wakivuta nyuzi nyembamba za shaba kwa ajili ya bangili, na shaba iliyomiminwa kwa umbo la msalaba ilitumika kama fedha katika eneo pana la Afrika ya Kati. Mtawala wao Msiri, aliyeuawa mwezi Desemba 1891, asili yake ilikuwa Usumbwa, si mbali na huko alikoandika barua msomaji wetu wa Kahama. Ninaandika haya kwa sababu tumezoeshwa kuamini kwamba ufundi wa shaba ni wa kuletwa, na hilo si kweli.

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Tangu siku hiyo kila kitu kilipangwa kufuata njia ya kutokea. Reli zilielekea bandarini, mabwawa ya umeme kama Mwadingusha yakalisha mitambo ya kuyeyushia, na waya zikatengenezwa Ulaya. Gécamines, iliyochukua mahali pake mwaka 1967, ilirithi mfumo huohuo. Ilitoa zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, na ilikuwa ndiyo serikali, hospitali na baba wa mji. Kisha faida ikachukuliwa bila mitambo kukarabatiwa, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na katikati ya muongo huo uzalishaji ukawa hata haufiki sehemu ya kumi ya ule wa awali. Babu yako na baba yako wameyaona hayo; sihitaji kukuongezea uchungu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba shaba nyingi ya Kongo ya leo, nchi iliyotoa zaidi ya tani milioni 3 mwaka 2024, inaondoka ikiwa tayari mabamba yaliyosafishwa karibu kabisa. Kobalti ndiyo inayoondoka ikiwa nusu kazi na kwenda kusafishwa China. Kwa hiyo wanasiasa wanaposema kwamba kusafisha shaba nyumbani kutaleta viwanda, mkoa wako ni ushahidi kwamba usafishaji peke yake hautoshi. Bamba lipo Kolwezi, waya haipo.

Kinachokosekana kwanza ni umeme wenyewe. Njia ya umeme kutoka mabwawa ya Inga ya Mto Kongo hadi Kolwezi, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulisha migodi, na bado migodi inanunua umeme Zambia na kuwasha jenereta. Kiwanda cha waya hakiwezi kushindana na migodi katika foleni hiyo. Kinachokosekana baada ya hapo ni mnunuzi. Faida ya waya juu ya bei ya shaba ni nyembamba, na mtengenezaji huishi kwa kuuza nyingi, mfululizo, karibu na kiwanda. Huko Luanshya, upande wa Zambia, kiwanda cha nyaya kimekuwapo tangu mwaka 1968, na kimevuka misukosuko yote ya bei kwa sababu kilipata soko la nchi jirani pamoja na la nyumbani. Wananchi wengi mno wa Kongo hawana umeme majumbani; siku serikali na majimbo yatakapoagiza nyaya za kuwaunganishia, na kuandika katika zabuni kwamba nyaya hizo zivutwe katika majimbo ya migodi, Haut-Katanga au Lualaba, mnunuzi atakuwa amepatikana.

Fedha ya kuanzia haipo mbali. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ambayo kampuni hutoa kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali uchimbaji unapofanyika, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Wananchi wa Lubumbashi wana haki ya kuuliza ile 25 imenunua nini.

Ninaona pia dalili moja njema, inayostahili kuangaliwa kuliko hotuba za kujenga viwanda vya betri za magari. Katika tanuru jipya la mgodi wa Kamoa-Kakula, lililopangwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka, moshi wa salfa hunaswa na kugeuzwa tindikali. Tindikali hiyo hununuliwa na migodi ya jirani inayoyeyusha mbale zake, yaani mawe yenye madini, kwa maji ya tindikali, migodi ambayo imekuwa ikileta salfa kwa malori kutoka bandari za mbali. Taka ya mmoja imekuwa malighafi ya mwenzake, bila kuvuka mpaka. Viwanda vya mkoa huanza kwa kuuziana namna hiyo.

Kwako mhariri. Ninafundisha jiografia Mtwara. Wanafunzi wangu wanasema kuwa mkoa wetu una gesi lakini hauna kiwanda cha madini. Je, kiwanda cha saruji kinahesabika? — Mwalimu, Mtwara

Mwalimu, kinahesabika, tena ni mfano bora kuliko mingi tunayoisifu. Kiwanda cha saruji cha Dangote pale Msijute, chenye uwezo wa tani milioni 3 kwa mwaka, kilianza kazi mwishoni mwa mwaka 2015. Chokaa yake inatoka palepale, gesi inatoka Mnazi Bay, na makaa ya mawe yanakuja kutoka Ngaka mkoani Ruvuma. Saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo lazima itengenezwe karibu na jiwe lake; dhahabu ni kinyume chake kabisa. Waambie wanafunzi waanze na kanuni hiyo ya uzito na bei kila wanapoulizwa kiwanda fulani kikae wapi.

Mwaka 2013 wazazi wao waliingia barabarani wakidai gesi isipelekwe Dar es Salaam kabla mkoa haujanufaika, na watu walipoteza maisha. Bomba lilijengwa, nalo lilihitajika kwa umeme wa taifa. Lakini dai la kwamba sehemu ya gesi igeuzwe kuwa kazi hapohapo Mtwara lilikuwa dai la haki, na kiwanda hicho, kilichounganishwa na gesi miaka kadhaa baadaye, ndicho jibu lake dogo la kwanza. Mbolea ingekuwa jibu la pili, kwa kuwa gesi ndiyo malighafi yake kuu na wakulima wa korosho, mahindi na mpunga wa kusini wanainunua kwa bei ya kuumiza.

Kwa zoezi la darasani, wapeleke bandarini. Makaa ya mawe ya Ruvuma sasa yanapakiwa melini Mtwara kwa wingi, yakielekea nchi za nje. Wahesabu malori yanayoingia bandarini kwa siku moja, kisha wahesabu yanayoingia kiwandani, na waandike tofauti iliyopo kati ya namba hizo mbili. Tutaichapisha kazi yao katika ukurasa huu.